Risasi za Julai: Maisha ya Lodewyk Terblanche wa Klipdrift, 1941–2024

Marehemu Lodewyk Cornelius Terblanche alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika shamba la Klipdrift, kusini mwa mto Limpopo, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mdogo wake, Barend, alimfuata baada ya miaka minane. Barend ndiye aliyekuwa baba yangu, na nawaomba mlikumbuke hilo tangu sasa, kwa maana sidai kuandika haya kwa moyo mweupe.

Alisoma shule ya bweni mjini Louis Trichardt, kisha chuo cha ufundi Pietersburg, alikofuzu mwaka 1960 kuwa fundi wa kukereza vyuma. Alifanya kazi mgodini Messina kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 1979 alirudi shambani, na kwa kuwa risasi kubwa za dukani zilikuwa hazipatikani, akaanza kujijazia mwenyewe: ganda lililokwisha kutumika, fataki mpya, baruti iliyopimwa, na juu yake kichwa kizito cha gramu thelathini na mbili, cha kumwangusha nyati au tembo. Baada ya miaka michache hakukuwa na mwindaji wilayani aliyekwenda porini bila boksi lenye mwandiko wake.

Tarehe 4 Aprili 1964 alimwoa Hester Bruwer, wakajaliwa binti mmoja, Marlise. Hester, aliyefariki mwaka 2011, alikatazwa kuongea ndani ya karakana ili pumzi yake isitikise mizani. Naye akamlazimisha mumewe kupima hamira ya mkate kwa mizani ile ile. Mkate ulitoka vizuri kila Jumamosi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ningependa niwe na mengine ya aina hiyo ya kusema.

Mjazaji huongeza baruti kidogo kidogo, akijaribu kila kipimo, mpaka bunduki ianze kulalamika. Kisha hurudi nyuma hatua moja. Lodewyk alifanya majaribio yake asubuhi za Julai, nyasi zikiwa na barafu. Lakini baruti iliyo mpole kwenye baridi huwa kali kwenye joto. Kipimo kilichofika ukingoni mwezi wa Julai huvuka ukingo mwezi wa Novemba: ganda huvimba, hunasa ndani ya bunduki, na bolti, komeo la chuma linalovutwa ili risasi nyingine iingie, haifunguki. Kila fundi wa bonde hili analijua jambo hilo, na yeye alilijua kuliko wote.

Tarehe 16 Novemba 1996, saa nane mchana, katika joto la nyuzi arobaini na tatu, Barend alimfuata nyati dume aliyejeruhiwa na mgeni aliyekuja kuwinda. Alikuwa na risasi za Julai za kaka yake, pamoja na msaka nyayo wake, Bwana Phineas Mudau. Alifyatua moja. Nyati akaja. Ya pili haikutoka.

Siku hiyo hiyo Bwana Mudau alieleza kwamba alimwona Barend akiupiga mkono wa bolti kwa kiganja, mara tatu, na bolti haikufunguka. Lodewyk alimjibu mbele ya watu: "Mudau, wewe ulikuwa juu ya mti. Aliye juu ya mti huona majani tu." Bunduki aliichukua yeye kwanza, akaipeleka karakana, na polisi walipofika bolti ilikuwa inateleza kama siagi. Kisha, hapa hapa makaburini, alisoma wasifu wa ndugu yake na kusema kwamba Barend aliganda kwa woga. Kwa miaka mingi aliyarudia maneno hayo kama mzaha kwenye kila nyama choma. "Na wewe, profesa," aliniuliza, "mkono wako nao huganda kwenye kalamu?" Nilicheka na wengine. Nilimwamini.

Mwezi Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Juni nilikuja kumuuguza, na aliponituma dawa karakana nikaliona daftari lake la vipimo. Kipimo cha Julai 1996 kilikuwa kimekatwa kwa wino mwekundu tarehe 20 Novemba, siku nne baada ya kifo, na pembeni kuna neno moja: joto. Wengi wenu mnakumbuka juma lile alivyopita nyumba kwa nyumba, akitabasamu, akikusanya maboksi yake kwa kisingizio kwamba amepata vichwa bora zaidi. Aliwaokoa nyote. Hakumwambia yeyote kwa nini.

"Ulijua," nilimwambia.

"Tangu nilipoling'oa lile ganda."

"Mama amebeba aibu hii miaka ishirini na minane, baba mkubwa."

"Wilaya nzima ilikuwa na risasi zangu mfukoni, Ockert. Ningesema nini?" Akageukia ukutani. "Andika wewe basi. Si wewe ndiye uliyesoma?"

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa ruhusa au kejeli. Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2024.

Marlise aliniomba niiondoe sehemu hii. "Baba amekufa," alisema. Nikamjibu kwamba wangu pia amekufa. Ndipo akasema, "Basi soma taratibu, mama yako Aletta asikose neno." Sina hakika kama kaburi ni mahali pa haya. Najua tu kwamba uongo ulisemewa hapa.

Marehemu ameacha binti yake Marlise na mkwewe Riaan. Wajukuu wawili, Anke na Lodewyk mdogo. Mimi, mtoto wa ndugu yake. Na mama yangu Aletta, mjane wa mtu ambaye hakuganda.

Kabla wanaume hawajashika sepetu, tunamwomba Bwana Mudau asogee mbele aeleze alichokiona. Hatujawahi kumuuliza.

Lodewyk tunamwachia Mungu. Barend Terblanche na apumzike, hatimaye, kwa amani.