Barua Zilizotumwa kwa Jina la Nyamai

Benchi letu liko Kyuso, ubavuni mwa hardware ya Thuo, pale lori za ndengu zinageuzia. Mimi ndiye Muthoki, Mama Kathini kwa wateja wangu, mwenye birika. Kahawa yangu ina tangawizi nyingi na sukari kidogo, na wanaoinywa ni wale wale: Spika, ambaye sauti yake haihitaji maikrofoni, Wakili, ambaye hakusomea sheria bali amefuata kesi ya shamba lake mpaka mahakimu wakahamishwa, na Thuo mwenyewe, Mkikuyu aliyeoa huku akakaa. Wa nne ni Mzee Nyamai, karani mstaafu wa zahanati. Hatukuwa tumemwona tangu tumzike mkewe, Kalekye. Asubuhi hiyo alikuja, koti limemlegea mabegani, akaketi pembeni kabisa. Nikammiminia kabla hajaitisha.

— Pole tena, mzee, Wakili alisema. Tulikuwa tunaogopa hata kukutembelea.

— Mngekuja tu. Nyumba iko kimya sana.

Wakanywa. Spika hawezi kukaa na kimya, kinamwasha kama upupu.

— Mimi bado nasema wale watu wa email wanafaa kushikwa, wafungwe, alisema.

Nilimkazia macho, lakini ilikuwa imeshatoka.

Maneno yenyewe yalianza mwanzo wa mwaka. Jonah, mtoto wa pekee wa Nyamai, ni fundi wa injini kwa meli ya mizigo. Huko baharini simu haishiki, kwa hivyo kabla ya kuondoka alimfungulia baba yake email. Mzee alikuwa anaingia kwa simu yake kila Jumapili baada ya ibada, anaandika na kidole kimoja, Kalekye amekaa karibu anamwambia aandike nini. Halafu siku moja barua zikaanza kutoka kwa jina la Nyamai, na si yeye anaandika. Kwanza zilikuwa zinauza dawa ya nguvu za kiume. Zilimfikia pasta, zikafika kwa chama cha akina mama, zikafika kwa Jonah. Kalekye alicheka mpaka akashika ukuta. Pasta hakucheka. Alimwambia Nyamai aache kwanza uzee wa kanisa, mpaka mambo yatulie.

Baadaye zikabadilika. Zikawa zinasema mke wake amelazwa mahututi, watu wasaidie. Wakati huo Kalekye alikuwa hapa sokoni, mzima, anapima ndengu.

Na mwezi wa nane akaugua kweli. Moyo. Alifia hospitali ya Mwingi.

— Washikwe na nani? Wakili alimuuliza Spika. Kwanza ujue ni nani. Mimi najua. Ni hawa wa mikopo ya simu. Ukiwapa jina lako, wameuza.

— Sijawahi kukopa, Nyamai alisema.

— Basi ni lile bango la harambee ya kanisa. Si mliandika email yako pale chini? Mtu akapita, akanakili.

— Bango gani! Spika alisema. Ni mnara. Tangu wasimamishe ule mnara mpya kule juu, mimi nalala na kichwa kinavuma. Ule unanyonya. Unanyonya majina, unanyonya password, unapeleka Uchina.

— Password nilibadilisha, Nyamai alisema. Nikabadilisha tena na tena. Zilizidi kutoka tu.

— Ndio maana nasema hii si watu. Spika alishusha sauti, na sauti yake ikishuka ndio unaogopa. Hebu fikirieni. Ile barua ilisema Kalekye ni mgonjwa wakati hakuwa mgonjwa. Waliandika kwanza, ndio akaugua. Hao waliandika ugonjwa, ukamfuata.

— Spika, nyamaza, nilisema.

— Nauliza tu, Mama Kathini!

Nyamai aliweka kikombe chini kwenye mchanga.

— Hata mimi nimewaza hivyo, alisema. Usiku nawaza hivyo hivyo.

Wakili akaona afadhali aseme kitu, na akasema kibaya zaidi.

— Ama ni mtu wa karibu. Mzee, usikasirike. Nani alifungua hiyo email? Ni Jonah. Nani anaijua ndani nje? Na mama yake amezikwa, hata neno moja hajatuma.

Tulingoja Nyamai amrukie. Hakumrukia.

— Nilimwandikia, alisema. Kalekye alikuwa kitandani anauliza, Jonah amesema nini? Namwambia, bado. Anauliza tena. Nikaandika, mama yako anakuita. Nikaandika, mama yako ameenda. Nikaandika siku ya mazishi. Hakujibu hata moja. Mimi sina haja na hao wezi, Wakili. Mimi nimeshindwa kuelewa mtoto niliyemzaa.

Thuo alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na futi ya kupimia mkononi. Sasa akaja, akachuchumaa mbele ya mzee.

— Mzee, hizo barua zako, unajua zilimfika?

— Zilitoka. Simu iliandika zimetoka.

— Kutoka si kufika. Hii kitu ilinipata nikiwa na duka kule mjini Emali. Nilibadilisha password mpaka nikachoka, kumbe hakuna mtu alikuwa ameingia kwangu. Walikuwa wanaandika tu jina langu juu ya barua zao, kama mtu anaandika barua ya matusi halafu nyuma ya bahasha anaweka jina lako. Haikuzuilika. Halafu customer wangu wakachoka, wakafunga jina langu lisiwafikie. Nikiwaandikia mimi mwenyewe, inaenda kwa takataka. Nikadhani wamenichukia.

Nyamai akamshika Thuo mkono.

— Unasema Jonah hajui.

— Nasema meli pia inaweza kufunga jina likileta uchafu kila siku. Ama ni yeye alifunga.

— Unasema mtoto wangu anadhani mama yake yuko hai.

Thuo alitoa simu yake, akafungua email yake mwenyewe, akampa. Nyamai alijaribu kuandika, akashindwa, akamrudishia. Akamwambia maneno, Thuo akaandika: Jonah, mimi ni baba yako, natumia simu ya Thuo wa hardware. Kalekye alifariki mwezi wa nane. Nilikuandikia, labda hukupata. Ukiona hii, piga simu. Chini wakaweka namba ya Thuo, kwa sababu simu ya mzee ilikuwa imepasuka skrini siku ya mazishi na hajaitengeneza.

Jibu lilikuja siku iliyofuata, sisi wote tukiwa hapo benchi. Thuo alilisoma kimoyomoyo kwanza, na nikaona uso wake.

— Soma, Nyamai alisema.

— Mzee, tungoje kidogo.

— Soma, Thuo.

Thuo akasoma pole pole:

— “Wewe mtu, nimechoka na wewe. Kwanza ulimlaza mama yangu mahututi, nikalia hapa wiki nzima, kumbe ni uongo. Nikafunga ile address. Sasa umepata nyingine, na umemuua kabisa. Kama wewe ni Nau kweli, baba yangu, muulize mama aliniita nani nikiwa mdogo. Yeye anajua. Akikwambia, uniandikie.”

Hakuna aliyeinua kikombe. Spika aliangalia lori za ndengu. Wakili akavua kofia, akaikunja.

— Mzee, nilisema, alikuwa anamwita nani?

— Sijui, Mama Kathini. Wakati huo nilikuwa kazini Makindu, narudi mwisho wa mwezi. Lilikuwa jina lao wawili. Nikiingia, wanaacha kuliita, wanacheka.

— Mtumie picha ya kaburi, Wakili alisema, kwa upole safari hii. Ataamini.

— Nimwonyeshe mtoto kaburi la mama yake kwa simu, kama mtu anauza shamba? Hapana. Akamgeukia Thuo. Andika. “Mimi sijui alikuita nani. Aliyejua tumemzika pale nyuma ya jikoni, upande wa mapapai. Alikuulizia mpaka mwisho. Ni mimi, Nau.”

— Hivyo tu?

— Hivyo tu. Lete nibonyeze mwenyewe.

Akabonyeza. Kahawa ilikuwa imebaki kidogo, nikaigawa, hakuna aliyeinywa. Jua lilikuwa limefika kwenye bati la duka wakati simu ya Thuo ilipolia. Namba ndefu, ya kigeni, labda ya simu ya meli yenyewe. Thuo akapokea, akasikiliza kidogo tu, akampa mzee.

— Jonah, Nyamai alisema.

Kutoka ndani ya simu ilitoka sauti ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwa mtu mzima. Spika ndiye alikuwa wa kwanza kuinuka. Wakili akamfuata, kisha Thuo, akaingia dukani akarudisha mlango nusu. Mimi nilichukua birika langu, nikavuka barabara, nikasimama huko, nikimpa mzee mgongo, mpaka akamaliza.