Nesta Vokia na Daraja Lililokubali Kuzama

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya ukoo ninawasomea maisha ya mpendwa wetu, Mhandisi Nesta Vokia, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1966 hapa Tavuli, kisiwani Guadalcanal, mtoto wa tatu wa mama Ruth Vokia, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mto Kolovera, ambao kila masika ulimzuia asifike darasani, kisha sekondari mjini Honiara, na mwaka 1990 akahitimu uhandisi huko Lae, Papua New Guinea.

Mwaka 1991 aliajiriwa serikalini kusanifu barabara na madaraja, na tarehe 12 Novemba 1994 aliolewa na Jemuel Ofai wa kisiwa jirani cha Malaita, ambaye watu wake walileta mahari ya mikufu ya shanga za kome iliyowanyamazisha hata wajomba zetu, wakajaliwa watoto wawili, Rosalin na Hudson.

Kazi iliyompa jina ni daraja letu la mto Kolovera, maana lile la kwanza, refu na la fahari, lilichukuliwa na mafuriko ya mwaka 2009, magogo yalipokwama kwenye kingo zake, ndipo Nesta akasanifu jingine la chini, la zege nene lisilo na kingo, lenye nguzo zilizoshika mwamba, ili mto ukifura ulifunike na magogo yapite juu, naye mjomba wake, mzee Sethuel, akasema mbele ya kijiji kizima, "Mpwa wangu, tumekusomesha hadi ng'ambo ya bahari, leo unatujengea pa kuogea bata?" akajibiwa, "Mjomba, mwenye hasira hupishwa njia, akishapita nasi tutavuka," lakini mzee hakuridhika, akaliita Bata, na tangu lilipofunguliwa tarehe 20 Agosti 2012 halijapata jina jingine.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 2021, akafariki Honiara tarehe 11 Machi 2024, akiwa ameacha wosia azikwe kando ya mama yake, lakini jeneza lilipofika mtoni Bata alikuwa chini ya maji, tukangoja ng'ambo hadi leo alfajiri mto ulipopungua, tukamwona mzee Sethuel, miguu peku, akifagia tope darajani kwa mkono wake, asimwachie mtu ufagio, akasema, "Pita, mwanangu, Bata yupo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulisha mihogo na samaki tukiwa ng'ambo, na wahandisi wenzake, ambao leo wamevuka kwa miguu nyuma yake.

Nesta, mto umepita, nawe umevuka, pumzika kwa amani.