Kibuyu Nilichokiita Uchawi

Ndugu zangu, Bwana wetu ni mwema, na kwa wema wake naomba mnivumilie, kwa sababu leo nimesimama kufuta ushuhuda wangu mwenyewe. Waliokuwa hapa wakati ule wanaukumbuka. Nilisema Mungu ameniokoa na uchawi wa mama mkwe wangu, mkaimba, mkanipigia makofi. Ule ushuhuda ulikuwa wa uongo.

Mimi nilizaliwa Murang'a, ambako mvua haina maringo. Nikaolewa hapa Makueni na fundi wa kuchomelea anayefanya kazi Emali, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Siku nyingi tulibaki wawili, mimi na mama yake, ambaye kwa Kikamba namwita Mwaitu, yaani mama. Mwaka wa pili mimba yangu ikatoka. Nikaanza kutafuta nani amenifanyia. Ule uchungu ulitaka mtu wa kulaumiwa, na mtu wa karibu alikuwa mmoja.

Jikoni kwa mama, juu ya moto, kulining'inia kibuyu cheusi kwa moshi, mdomo umezibwa kwa mavi ya ng'ombe. Ukikitikisa kinalia. Nilikuwa nimesikia kwamba waganga wa huku wana kibuyu kinacholia. Basi, nikajua! Sikumuuliza hata neno moja. Alipoenda kuchota maji nikakitungua, nikakileta hapa kanisani. Tulikivunja tukaona jivu, na ndani ya jivu mbegu. Tukasema hizo ndizo dawa zenyewe. Tukamwaga mafuta ya taa, tukachoma.

Mama alirudi akakuta kamba tupu. Jumapili hiyo hakuja kanisani, wala iliyofuata, na wengine wenu mkaanza kumpita njiani kama hamjamwona.

Mvua ilipokaribia nikamwona amevaa viatu anaondoka. Alivuka mto Athi mpaka Kanyangi, kwa dada yake. Siku ya tatu akarudi, miguu imevimba, na kifurushi cha kunde na mtama. Akaketi mlangoni pangu, akagawa mafungu mawili, moja akanisukumia.

"Wanjiku, panda hii," akasema. "Ni ile ile uliyochoma. Inavumilia mvua kidogo."

Nikamuuliza, "Mwaitu, sasa lile jivu lilikuwa la nini?"

"La wadudu. Mbegu ikikaa kwa jivu hawaili. Ungeniuliza, ningekuambia."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwaka ule mvua ilinyesha siku chache ikaondoka. Mahindi ya mbegu za dukani yalikauka yakiwa bado mafupi, mlijionea wenyewe. Sisi tulivuna kunde, tukavuna mtama, tukala. Nilikula chakula cha mwanamke niliyemwita mchawi mbele ya watu, na hakuna siku alinikumbusha.

Kwa hivyo Mungu ameniokoa kweli, lakini ameniokoa na mdomo wangu. Namshukuru kwa mwaka ule, pamoja na aibu yake yote. Bila ule mwaka ningekuwa bado naishi na mama nikimwogopa, na sijui hata kuhifadhi mbegu. Leo kuna vibuyu vitatu juu ya moto wangu, na mimi ndiye niliyevijaza. Ukitaka kufundishwa, njoo.

Jana nilimwomba mama ruhusa ya kusema haya. Akaniambia, "Sema. Lakini usilie. Ukilia watashika machozi, waache maneno." Kwa hivyo silii.

Ndiye yule kwenye benchi la nyuma, mwenye leso ya kijani. Hajaingia humu tangu tulipochoma mbegu zake, na leo amekuja kwa sababu nimemwomba. Mtumainini Mungu, ndugu zangu, na kama kuna mtu unamwogopa hapo nyumbani, nenda ukamuulize kabla hujamleta kwa maombi. Sasa inukeni, twende tukamwombe msamaha. Mchungaji, mahubiri yangoje kidogo. Mimi natangulia.