Picha ya Ndoa

Basi la Shinyanga halijamaliza kutoka Bariadi, Nyanjige akamtolea abiria wa pembeni yake picha ya ndoa. Bwana huyo, mnunuzi wa pamba wa hizi kampuni za watu binafsi zilizoingia juzi, aliigeuza huku na huku.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "mimi naona ng'ombe tu."

"Ndiyo ndoa yenyewe, baba. Mahari yangu hiyo, inaingia kwetu Nkololo."

Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuomba viza ya kumfuata mumewe, Mayige, Ujerumani. Ubalozini walitaka afike mwenyewe, aonyeshe kwamba kweli ameolewa.

"Na wewe uko wapi hapa?"

"Nimo ndani ya hiyo nyumba. Bibi harusi anatoka nje kukagua ng'ombe?"

"Mzungu hatakuona."

"Nitamwonyesha mlango."

Mnunuzi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nyanjige hakucheka.

"Watasema huu ni mnada, mayu, si ndoa."

Walipofika Shinyanga, basi likasimama stesheni ya treni ya Dar es Salaam. Nyanjige akachukua picha yake, akaifuta kwa khanga.

"Wakisema si ndoa, nao wafike wenyewe Nkololo, wamwambie baba yangu arudishe ng'ombe."