Upande wa Pili wa Shuka

Ndugu waombolezaji, majirani wa jengo letu, wenzake wa chumba cha kufulia, na ninyi nyote mliokuja kumsindikiza mama yetu na bibi yetu, familia imemkabidhi shemeji yake, yaani mdogo wa marehemu mumewe, kazi ya kuwasomea maisha yake, na kama mnavyoona hakuna mkalimani aliyesimama kando ya shemeji huyo, kwa sababu marehemu alikaa katika nchi hii miaka arobaini na mitatu bila kukubali kusema lugha yake, na leo si siku ya kuanza kumbishia.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Agosti 1951, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne wa fundi seremala na mkewe, na wakubwa zake husimulia kwamba alianza kuongea kabla hajatambaa, jambo ambalo shemeji yake hana ushahidi nalo, lakini kwa jinsi alivyomfahamu hathubutu kulikana. Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1966, akafanya vizuri katika hesabu na vibaya katika kukaa kimya, kisha akajifunza ushonaji kwa shangazi yake kwa miaka miwili.

Katikati ya masomo hayo, mwaka 1962, lilitokea jambo dogo ambalo bila kulijua hamtamwelewa, nalo ni kurudi kwa mjomba wake aliyekuwa ameondoka nchini angali kijana, akarudi mtu mzima na suti nzuri, akaketi sebuleni na mama yake mzazi, na baada ya salamu maneno yakamwishia, ikabidi aitwe mtu wa kutafsiri kati ya mama na mtoto wa tumbo lake. Marehemu alikuwa na miaka kumi na mmoja, alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, akaona bibi yake anatikisa kichwa kwa adabu kama mtu aliyetembelewa na mgeni wa serikali. Hakulisahau maisha yake yote, na ukimuuliza kwa nini hataki kujifunza lugha ya watu angekwambia kwamba kinywa ni chumba kimoja, ukimkaribisha mgeni wa kudumu mwenye nyumba atalala nje.

Alifunga ndoa na kaka yetu, dereva wa malori, Jumamosi ya tarehe 8 Aprili 1972, na tarehe 3 Machi 1976 wakajaliwa binti yao wa kwanza, ambaye amekaa hapa mbele, na ambaye ndiye sababu ya yote yanayofuata. Kaka yetu alipata kazi huku, kibali kikatoka na majina mawili tu, la mume na la mke, wakaambiwa la mtoto litafuata baada ya mwaka, basi tarehe 17 Juni 1979 wakamwacha binti wa miaka mitatu mikononi mwa bibi yake, wakaja, na ule mwaka mmoja ukazaa mwingine, na mwingine tena, hadi ikawa tisa. Wenye watoto wanajua uzito wa hayo, wasio nao wakubali tu tunavyowaambia.

Siku ya kwanza walipofika, shemeji yake aliyekuwa ametangulia aliwapokea, akamwambia kwa nia njema kwamba hapa bila lugha utakufa na tai shingoni, jifunze mapema, naye akajibu kwamba mwanangu nimemwacha na Kiswahili, na Kiswahili ndicho atakachonikuta nacho. Kaka yetu alimlipia darasa la jioni, akaenda, akaketi kiti cha mbele, akamsikiliza mwalimu kwa heshima zote, akarudi na maneno yaleyale aliyokwenda nayo. Dukani alinunua kwa kidole, kwenye basi alipanda kwa rangi, na watoto wawili wa kiume waliozaliwa hukuhuku, mwaka 1981 na 1984, walijua kwamba ukimwomba maji kwa lugha ya barabarani unaambiwa nenda kaombe barabarani. Yule mkubwa alipoitwa shuleni pamoja na mama yake, mwalimu alieleza utundu wake wote, mtoto akatafsiri kwamba anasifiwa, marehemu akamtazama mwalimu usoni, akamtazama mwanawe, akasema mwambie mwalimu ahsante sana, na wewe tutaonana nyumbani.

Hatuwaambii haya ili vijana wayapeleke kwa walimu wao kama udhuru, maana ubishi huo ulimgharimu, na historia ya kweli haifichi kitu. Wale aliowafundisha kazi walipandishwa kuwa wasimamizi wake, uraia hakuupata, na meno yalimuuma mwezi mzima kwa kuwa hakutaka kumsumbua mtu afuatane naye kwa daktari. Kaka yetu alikuwa mpole, lakini kuna siku alichoka kuwa mdomo wa watu wawili, akagomba hadi majirani wakazima redio zao wasikilize, na marehemu akangoja amalize, akamwekea chakula.

Kazi alianza tarehe 4 Februari 1980 katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2014, na hapa tunaomba masikio yenu. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja, lazima wawili washike pembe, wasimame wakitazamana, waachane, wasogeleane, wakutanishe mikono, mmoja aachie na mwingine apokee, na marehemu alipangiwa kukunja na mama mmoja mwenyeji wa hapa, mtu wa maneno machache, ambaye yeye alimwita mwenzangu, nasi wote tumemwita Bibi Mwenzangu hadi leo. Kwa kuwa hakuwa na wa kuongea naye, marehemu aliongea na binti yake aliyekuwa mbali, kwa sauti, kutoka shuka la kwanza hadi la mwisho, akimweleza amekula nini, baba yake amesema nini, theluji ni kitu gani, akimkumbusha alivyoungua mkono kwa chai, akimwambia ngoja, nakuja kukuchukua. Wengine walidhani akili zimemruka, lakini Bibi Mwenzangu alishika pembe zake akanyamaza, na kwa karibu miaka tisa hakuna aliyejiuliza ni nini kilichokuwa kinaingia katika masikio yale.

Binti alifika tarehe 22 Septemba 1988, ana miaka kumi na miwili, mrefu kuliko picha zake, akamwamkia mama yake shikamoo kama anavyoamkiwa mtu yeyote mzima, na baada ya hapo hakumsemesha tena. Hasira ya mtoto aliyeachwa haina haja ya kuelezwa, ila hii ilikuja na akili nyingi, maana ndani ya miezi michache alikuwa ameikamata lugha ya hapa, akaizungumza na wadogo zake mlango ukiwa umefungwa, na marehemu alisimama ukumbini na taulo mkononi, akasikia sauti ya mwanawe aliyemtunzia kinywa miaka yote hiyo, asielewe hata neno moja. Kile alichokiogopa tangu mkekani kwa bibi yake kilikuwa kimemfuata hadi chumbani kwake, na safari hii aliyehitaji mkalimani alikuwa yeye.

Ndipo akafanya ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliota. Jumapili moja ya Februari 1989 alikwenda nyumbani kwa shemeji yake, akaketi bila kuvua koti, akasema, "Shemeji, nifundishe. Nianzie kwenye kuomba msamaha." Shemeji huyo, ambaye alikuwa amemtania juu ya jambo hilo miaka kumi, alimwambia arudi wiki inayofuata wataanza, akaingia jikoni akalia.

Hawakuanza, kwa sababu kule kazini marehemu alikuwa ameacha kuongea, aliyekuwa akimsimulia yuko nyumbani na hataki kusikia, basi mashuka yalikunjwa kimya, na Bibi Mwenzangu hakuuweza ule ukimya. Jumamosi alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akabisha hodi, akampita marehemu mlangoni, akaketi kitandani kwa yule binti na kuanza kusema kwa Kiswahili, si kile cha vitabuni, bali cha marehemu mwenyewe, na uvutaji wake wa maneno, na ule mguno wake wa katikati ya sentensi, kutoka katika mdomo wa mtu aliyezaliwa mitaa miwili kutoka hapa.

Alimwambia kwamba wewe ndiye uliyeungua mkono kwa chai, wewe ndiye uliyekuwa unaogopa bata, siku ulipotimiza miaka saba mama yako alikunja mashuka huku analia nikamwachia apumzike, na mwaka mdogo wako alipozaliwa alikuomba ruhusa kwanza. Binti alimkodolea macho, akauliza nani kamfundisha. Bibi Mwenzangu akajibu, "Hakuna aliyenifundisha. Mama yako alikuwa anaongea na wewe kila siku, mimi nilikuwa nimeshika upande wa pili wa shuka."

Sisi tulioambiwa hayo siku hiyohiyo tulistaajabu, na hadi leo hatujamaliza kustaajabu, kwamba mtu anaweza kumimina upendo hewani karibu miaka tisa akidhani unapotea, kumbe umekingwa. Binti aliinuka, akaenda jikoni kwa mama yake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, yule bata alikuwa wa nani?" Marehemu akaanza kumjibu, chungu kikaungua, jirani wa chini akaja kuuliza moshi huo wa nini, na jibu lilikuwa bado halijaisha.

Maisha yaliyobaki yalikuwa marefu na ya kawaida, kama alivyoyataka. Darasa la shemeji halikufunguliwa, chumba kizima cha kufulia kiliamkiana kwa Kiswahili, kaka yetu alitutoka tarehe 30 Mei 2009, binti akawa mkunga, wana wakaoa wenyeji, na wakwe hao wawili walijifunza kubishana na mama mkwe kwa lugha yake, maana waliona hakuna njia nyingine ya kushinda.

Aliugua ini kuanzia Machi 2022, akalazwa katika hospitali ileile, na usiku wa kwanza alipapasa pindo la shuka akasema watoto wa siku hizi hawajui kukunja. Alimwagiza binti yake amtafsirie daktari neno kwa neno, asimpunguzie, naye hakumpunguzia, hata siku ile ambayo yeyote kati yetu angepunguza. Bibi Mwenzangu alikuja kila mchana, akashika mkono wake, akamsimulia habari za mtaa mzima, na marehemu, aliyekuwa msemaji siku zote, akawa msikilizaji. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa tisa alasiri, na alipokwisha kuchukuliwa, binti na Bibi Mwenzangu walilitoa shuka kitandani, wakashika pembe, wakalikunja, na wauguzi waliokuja kulichukua wakasubiri mlangoni. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na kitukuu mmoja anayeanza kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hasa yule kijana aliyejifunza kumwuliza umeamkaje, majirani waliobeba maji na viti, dereva wa basi aliyemshusha mlangoni miaka yote, na wenzake wa chumba cha kufulia waliokuja na nguo zao za kazi kwa sababu zamu haijaisha. Maneno ya kumuaga hayakutoka kwetu, Bibi Mwenzangu ameyatoa, magoti hayamruhusu kusimama, hivyo shemeji anayasoma kama alivyoyatamka, bila kugusa kitu.

"Mwenzangu, sasa wewe ndiye uko mbali, na mimi ndiye nitakayeongea. Pumzika kwa amani, pembe zako nimeshika."