Kijiti cha Mguu wa Nyuma

Mheshimiwa mgeni rasmi, mafundi wenzangu, ndugu wazazi, nanyi mabinti kumi na wawili mliovaa aproni mpya, nawasalimu nikiwa nimekaa, maana miguu imenigomea. Nimeombwa nimsifu dada yangu, mwenye karakana hii tunayoifungua leo. Nitamsifu. Lakini mfukoni nina kitu nilichokificha miaka hamsini na miwili, na daktari hanipi muda mrefu wa kuendelea kukibeba.

Mdogo wangu huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Patasi kwa ukali wa ulimi wake, alikuwa akitumwa karakana ya baba kuleta chakula tu. Chakula kikiisha, haondoki. Siku moja akasema, "Baba, mguu huo umepinda." Ulikuwa mguu wa kiti nilichokuwa nachonga mimi. Baba akafumba jicho moja, akautazama, akacheka kwa furaha. Je, mnajua kicheko cha mzazi kinavyouma kikienda kwa mwingine? Nilikuwa nimepiga randa miaka minne pale, sijakipata hata kimoja.

Mjomba akaja juu. "Mwanamke na msumeno wapi na wapi? Nani atamwoa huyu?"

"Atakayenioa, mjomba, walau hatakosa pa kukaa."

Basi baba akaamua apimwe kama sisi wavulana. Kwake, kiti cha kwanza cha mwanafunzi hakikutiwa gundi wala msumari; viungo vilishikwa na vijiti vya mbao peke yake, kisha mtu mzito kuliko wote akakikalia. Mzito wetu alikuwa mjomba. "Kikimbeba, binti abaki," alisema baba. "Kikivunjika, arudi jikoni, na neno hili lisirudiwe."

Mchana wa siku ya kupimwa, Patasi alipokwenda kunawa, nilikikagua kiti chake. Nilipitisha ukucha kwenye kila kiungo, nikiomba ukwame. Haukukwama popote.

Mjomba akaketi, akaegemea, akaenda chali miguu juu. Watu walicheka hadi machozi. Mpaka leo katika ukoo wetu mtu akianguka huambiwa amekalia kiti cha Patasi. Yeye alipiga magoti, akatia kidole kwenye tundu la mguu wa nyuma. Tupu. Akaniangalia, nami nikaangalia pembeni. Alijua baba angenifukuza siku ileile.

"Nimesahau kijiti, baba," akasema. Akavua aproni, akanikabidhi. "Shika, kaka."

Alisubiri miaka kumi na mmoja, hadi baba alipofariki, ndipo akashika tena randa, kwenye karakana ya watu, akaanza kwa kufagia. Mimi nilirithi ya baba, nikaitwa fundi mkuu. Na bado, ndugu zangu, makofi mliyompigia asubuhi hii yamenichoma. Uzee umeninyang'anya meno, macho na miguu; wivu haukuugusa.

Patasi, njoo, mwana wa mama yangu, fungua kiganja. Pokea hiki. Kimekauka, lakini bado kitaingia.

Nawashukuru nyote kwa kumvumilia mzee hadi hapa. Nanyi mabinti, mkisimuliwa habari za kiti kile, semeni kwamba fundi wenu hakusahau kitu. Kilikuwa kizuri kuliko changu, nami nilijua. Kijiti nilikichomoa mimi.