Mbao za Gari la Mwalimu Lukmani

Kaeni hapa karibu, Veridiana na wewe Nikolao, na simu mzizime, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na kitu. Karakana ya Masasi ni yenu nusu kwa nusu, ila mashine ya kuchomelea aichukue Veridiana kwa kuwa mkono wake umetulia kuliko wako, Nikolao, na usinune. Mikorosho ya Lisekese msiigawane, vuneni pamoja. Hayo hayanisumbui.

Kinachonisumbua ni lile gari la kulala la Mwalimu Lukmani lililoko uani. Mnalijua, ni basi dogo tulilolitoa viti tukaliwekea kitanda, jiko na tangi la maji, ili mwalimu na mkewe, Mama Faidha, wazunguke nchi baada ya kustaafu. Bodi yake ni imara. Nililipandisha Newala nikalishusha mteremko wote ule, hakuna riveti iliyolia. Kitanda alikitengeneza Tahiri, fundi niliyefanya naye kazi miaka kumi na minane, kwa mninga mkavu, na wembe haupiti kwenye viungo vyake.

Sasa sikilizeni. Tahiri alikwenda msibani, nami nikaona mchwa kwenye rundo la mbao, nikaingiwa na wasiwasi. Nikachukua mafuta ya maganda ya korosho, yale tunayopaka nguzo za ghala, nikapaka mbao za kitanda chini na juu, kisha nikapitisha varnishi. Nguzo hailaliwi na mtu; hilo sikulifikiri. Gari likifungwa juani mafuta yale hutoka, na Mama Faidha aliamka na malengelenge mgongo mzima. Yeyote aliyebangua korosho anaijua alama ile, na mimi niliijua pale pale. Lakini nilisema ni varnishi mbovu aliyonunua Tahiri. Nikamfukuza mbele ya wateja. Aliokota randa yake akarudi kwao Lulindi, na tangu hapo hakuna aliyempa kazi ya gari. Mimi nikatandika zulia la plastiki juu ya mbao, nikanyamaza miaka minne. Naona aibu, wanangu, wala sina maneno ya kuipamba.

Gari limeletwa kwa ajili ya breki tu, na lile zulia nimeliona limechanika. Jumamosi mwalimu analichukua aende Songea na wajukuu wake, na watoto ndio watakaolala juu ya mbao zile. Gari msilitoe hivyo lilivyo. Ng'oeni mbao zote, vaeni glavu, mzifukie, msizichome maana moshi wake unadhuru. Mwalimu aambiwe sababu, asifichwe kitu. Kisha, Veridiana, nenda Lulindi wewe mwenyewe, umwamkie Tahiri, umweleze haya mbele za watu, kwa kuwa na mimi nilimfukuza mbele za watu. Akikataa kurudi msimbembeleze, ana haki yake. Akirudi, neno lake juu ya mbao lisipingwe na yeyote kati yenu.

Niinue kidogo, Nikolao... basi, hapo hapo. Mungu awape mikono safi, na mtu akilala ndani ya kazi yenu aamke mzima.

Na jeneza langu... mwombeni Tahiri alitengeneze. Mbao achague mwenyewe. Msimsimamie.